Ukimpenda dairekta, anza na filamu yake ya kwanza

Nimemaliza filamu za Ousmane Sembène, dairekta wa Senegal. Zote zinazopatikana, kwa mpangilio wa miaka, toka Borom Sarret ya 1963 mpaka Moolaadé ya 2004, na nasema wazi najivunia, manake watu wengi wanaojiita wapenzi wa sinema za Afrika wakishaona moja au mbili tu wanaanza kutoa hukumu. Niliposema nimemaliza, kuna msomaji akaniandikia kwamba na yeye anataka kumjua Ousmane Sembène ila muda hana, je aanze na Moolaadé tu ambayo kila mtu anaisifia? Nikamjibu hapana. Sasa hapa ndo naeleza kwa nini, na hata kama dairekta wako ni mwingine kabisa hii inakuhusu.

Kwanza jua mtu katokea wapi. Huyu mzee alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mwaka 1923, akapita kwenye jeshi la Mfaransa wakati wa vita, akabeba mizigo bandarini Marseille, akaandika riwaya, halafu alipoona watu wake wengi hizo riwaya hawawezi kuzisoma akaenda Moscow kusomea filamu akiwa anakaribia miaka 40. Ukishajua hivo, Borom Sarret yenye dakika kama 20 tu, ya yule mwenye mkokoteni wa farasi Dakar, huwezi kuiruka eti kwa sababu ni fupi. Hasira yake yote imeshaanza pale.

Inayofuata kwa ukubwa ni La Noire de… ya 1966, msichana wa Senegal anayeitwa Diouana anapelekwa Ufaransa na mabosi wake akidhani anaenda kulea watoto, anageuzwa mtumishi wa kila kitu. Anachowaza unakisikia kwa Kifaransa, tena sauti yenyewe sio ya yule dada unayemuona, ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Hilo likae kichwani, nitalirudia.

Tulianza wawili hii safari. Mwenzangu aliishia hapo kwa Diouana, akasema napoteza muda na mapicha ya zamani yasiyo na rangi, na hilo akaenda kulisema mbele za watu, kwamba najifanya msomi. Iliniuma na bado inaniuma, sio kwa sababu aliacha, kila mtu na macho yake, ila aliacha mlangoni kabisa! Filamu iliyokuwa inafuata ni Mandabi ya 1968, na ile ina rangi, na watu wanaongea Kiwolof, lugha yao wenyewe, wanacheka, wanagombana, wanadanganyana, mzee Ibrahima Dieng kaletewa hela na mpwa wake aliyeko Paris halafu hawezi kuzitoa posta kwa sababu hana kitambulisho. Mimi niliyetoka kumsikia Diouana akiwaza kwa sauti ya mtu mwingine nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Anayeanza na Mandabi ataona muvi nzuri tu, lakini hicho nilichokipata mimi hatakipata.

Za katikati sitaeleza moja moja. Emitaï ya 1971, Xala ya 1975, Ceddo ya 1977 ambayo ilipigwa marufuku Senegal kwa kisingizio kwamba jina limeandikwa kwa d mbili badala ya moja, wakati ukiiangalia unaona kabisa ilikuwa inagusa dini na watawala. Ila baada ya hapo simama. Kuna miaka 11 hakuna filamu yake mpya mpaka Camp de Thiaroye ya 1988, aliyoongoza na Thierno Faty Sow, kuhusu askari wa Kiafrika waliodai malipo yao na jeshi la Ufaransa likawapiga risasi Desemba 1944. Kwa muda mrefu alikuwa anataka kutengeneza filamu ya Samori Touré, mtawala wa Afrika Magharibi aliyepigana na Wafaransa, na hakuipata mpaka anafariki 2007. Ukienda kwa mpangilio lile pengo unalihisi, unajiuliza huyu mtu alikuwa wapi, na hasira ya Thiaroye unaielewa vizuri zaidi.

Halafu ndo unafika Moolaadé. Mama mmoja wa kijijini, Collé, anafunga kamba mlangoni, alama ya ulinzi ambayo kimila haivukwi, kuwalinda mabinti wasikeketwe, kijiji kizima kinamshukia, na yeye anaongea, kwa mdomo wake, mbele ya wanaume wote. Nilikumbuka Diouana nikalia. Kwa hiyo ndugu yangu uliyeniandikia, usiniambie muda huna, muda wa vipande vya dakika moja moja kwenye simu unao. Usiruke. Hata ile unayosikia ni dhaifu usiruke, hata fupi usiruke, na usisome sifa za watu kabla hujaona, zitakuharibia. Ukimaliza moja usiunganishe nyingine usiku uleule, iache ikae siku mbili tatu, andika hata mistari michache ya ulichokiona, kisha endelea. Wasanii wetu wamefanya kazi miaka 40 sisi tunawapa jioni moja halafu tunajiita mashabiki, hapana jamani.

Anza na Borom Sarret leo usiku. Ukifika Mandabi niandikie, nataka kujua kama huyo mzee Dieng na wewe ulimkasirikia au ulimuonea huruma.