Mmeniuliza sana kuhusu chai ya mboji, haya kaeni chini

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Mwanza. "Dada, ile mbolea ya maji uliyoisifia imeniulia maua yote ya sebuleni, na mume wangu anasema nichague moja, ndoo au yeye." Nilicheka, halafu nikanuna. Nikamuuliza ameitengenezaje. Kumbe alichukua kinyesi kibichi cha kuku wa jirani, akajaza nusu ndoo, akatia sukari guru, akabana mfuniko, akaiacha juani wiki mbili, kisha akaimimina hivyo hivyo kwenye vyungu bila kuizimua.

Mdogo wangu, hiyo siyo chai ya mboji. Chai ya mboji ni maji yaliyolowekwa mboji, yaani samadi na majani yaliyokwisha oza kabisa, ya kumwagilia mimea. Hiyo ni kesi.

Mimi haya mambo niliyakuta kwa mama mkwe, Kibosho, kule Kilimanjaro. Pale kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani, hakuna kinachotupwa. Samadi ya ng'ombe wa zizini na majani ya migomba vinarundikwa, vinageuzwa, vinaachwa vioze mpaka huwezi kusema hiki kilikuwa nini. Ndipo mama anajaza kiroba, anakifunga, anakitumbukiza kwenye pipa la maji na kukikoroga kwa mti kila anapopita. Sikuwahi kumwona akimwaga maji mazito kwenye mche. Alikuwa akiinua kikombe kwenye mwanga: yakiwa meusi anaongeza maji, mpaka yafanane na chai ya rangi ya mtu aliyeishiwa majani.

Niliporudi Dar nilikuwa napanga Tabata, uani saruji tupu. Nikaanza na matembele na mchicha kwenye viroba, mrehani kwenye makopo ya rangi, na maua ya ndani kibarazani. Nikarusha picha ya ndoo yangu kwenye kundi letu la wapenda bustani. Mwanamama mmoja, mwenye vyungu vya kauri na mbolea za chupa, akaandika: "Jamani, siku hizi tunamwagilia maji ya choo?" Watu wakacheka weee. Wengine wamekula mchicha wangu na walicheka vile vile. Sikujibu. Kiangazi kilipokolea, matembele yangu yakiwa bado yanafunika kiroba, nani aliyekuja inbox usiku kuomba "ile dawa yako"? Yeye. Nilimpa, maana nimelelewa. Ila sijasahau.

Na kwanza siyo dawa. Hapa ndipo wengi mnapopotea. Kinachoingia kwenye yale maji ni sehemu ndogo tu ya rutuba iliyomo kwenye mboji. Kubwa linabaki kwenye makapi, kwa hiyo makapi yarudishe kwenye udongo, usiyatupe. Tena kule Marekani yupo mtaalamu wa bustani, Linda Chalker-Scott wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, ambaye kwa miaka mingi amesema ushahidi kwamba chai hii inatibu magonjwa ya majani ni hafifu. Wapenzi wa chai humkasirikia. Mimi namwelewa. Vidukari wangu hawajawahi kuondoka kwa chai. Wanaondoka kwa maji ya sabuni na kidole.

Jinsi ninavyofanya mimi. Mboji iwe imeiva: nyeusi, imepoa, inanuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Kopo moja la mboji kwa makopo kumi ya maji. Maji ya bomba nayalaza usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini ipungue. Naloweka siku moja, mbili zikizidi, nakoroga mara kwa mara ili hewa iingie, ndoo ikiwa kivulini na kitambaa juu, siyo mfuniko. Nachuja, nazimua, namwaga siku hiyo hiyo. Ikinuka uozo, naimwaga chini ya mwembe, mbali na mboga.

Sukari na molasi sitii. Najua wanaopuliza hewa kwenye ndoo kwa pampu za tangi la samaki wanatia ili kulisha bakteria wazuri. Lakini sukari haichagui wa kumlisha, na kama samadi haikuiva vizuri, E. coli na Salmonella, bakteria wa kuharisha, nao huenda wamo humo. Kwa sababu hiyo hiyo simwagi juu ya majani ya mboga ninayochuma kesho. Shinani tu, na mboga ioshwe. Watu mnapenda kusema "ni ya asili haina madhara". Kipindupindu nacho ni cha asili. Tuache uvivu wa kufikiri, jamani. Mtu anasoma mistari miwili kwenye simu anakimbilia ndoo, udongo wake mwenyewe hajawahi kuushika.

Maua ya ndani ndiyo yanahitaji adabu zaidi. Kule sebuleni mwanga ni mdogo, mmea unakua polepole, haujui pa kupeleka chakula chote hicho. Mara moja kwa mwezi inatosha, izimuliwe tena nusu kwa nusu, na udongo uwe na unyevu kwanza. Mshubiri na jamii yake mimi siwapi kabisa. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, mara nyingi ni chumvi zimejikusanya, acha kulisha. Na zimua, nimeshasema? Zimua.

Sasa wewe wa Mwanza. Vyungu ambavyo shina bado ni gumu, vipeleke nje kivulini, umimine maji safi mengi yatoke chini, urudie kesho yake. Usiweke mbolea yoyote mpaka uone jani jipya. Vilivyolainika shinani vimekwenda, usijitese. Samadi ya jirani endelea kuichukua, ichanganye na majani makavu, uigeuzegeuze, uiache miezi minne hivi. Ndoo ioshe kwa sabuni uianike, mume aione.