Kukauka bila kufa

Ndugu mhariri, wiki hii mmeuliza wanasayansi wana lipi la kujifunza kwa mimea na wanyama wanaoishi pale ambapo viumbe wengine hawafui dafu. Jibu langu ni fupi: wajifunze kukauka.

Najua wengi watamtaja dubu-maji, kale kadudu ka miguu minane ambako aghalabu hakafiki milimita moja. Mwaka 2007 walirushwa angani, wakaachwa kwenye ombwe, na baadhi yao wakarudi wazima. Sawa, lakini walikwenda wakiwa wamekauka na kujikunja, uhai umesimama. Akiwa majini anatembea, dubu-maji ni mnyonge. Watafiti walionyesha mwaka 2020 kwamba kwa aina moja yao, joto la nyuzi 37 hivi likidumu saa 24 huua nusu nzima. Nyuzi 37 ndilo joto la mwili wako na wangu! Shujaa gani huyo?

Mimi ananivutia zaidi kiluwiluwi wa Polypedilum vanderplanki, mdudu wa Afrika anayefanana na mbu. Makao yake ni vijishimo vya maji ya mvua juu ya majabali. Jua likikausha kijishimo, naye anakauka hadi kubakiwa na maji asilimia 3 hivi. Mwaka 1960 Howard Hinton, mtaalamu wa wadudu, alieleza jinsi wakavu hao walivyotumbukizwa kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzi 270 chini ya sifuri, na walipolowekwa wakaamka.

Ila mkaushe upesi, kwa saa chache, uone: anakufa kama mdudu mwingine yeyote. Anahitaji kama siku mbili. Katika siku hizo mwili wake unatengeneza sukari iitwayo trehalosi, mpaka inakaribia sehemu ya tano ya uzito wake mkavu. Maji yanapotoka, sukari hiyo inashika nafasi yake kuzunguka protini na utando wa seli, kisha inakuwa ngumu na angavu kama peremende. Ndani ya peremende hakuna kinachosogea, na kisichosogea hakiharibiki.

Sasa fikirieni chanjo, ambazo nyingi hulazimika kubaki kwenye baridi tangu kiwandani hadi kwenye mkono wa mtoto. Trehalosi tayari hutiwa katika baadhi ya dawa za unga ili protini zake zisiharibike. Kukausha seli nzima na kuiamsha ni mlima mwingine. Hata dubu-maji, baadhi yao wana trehalosi kidogo mno na hutegemea protini zao za pekee, kwa hiyo njia si moja.

Kwa upande wa mimea, Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town amechunguza kwa miaka mingi ile inayofufuka. Myrothamnus flabellifolia hukunja majani yake kama kipepeo cha mkono, yakawa kahawia na ya kuvunjika. Ukiyamwagia maji yanafunguka yakiwa ya kijani. Mmea huo unayakunja kwa sababu mwanga ukipiga klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, katika jani kavu huzalisha sumu. Jamaa yake wa mbali katika tabia hii, Xerophyta, hana mchezo: anaibomoa klorofili yote kabla ya kukauka, halafu mvua ikija anaijenga upya.

Farrant aligundua kwamba mimea hii huwasha katika majani vinasaba ambavyo mimea mingine huviwasha katika mbegu. Hapo ndipo nilipoweka gazeti chini. Mbegu ya mahindi hukaa kavu miezi na miezi kisha ikaota, kumbe mahindi yanajua kukauka siku zote! Jani lake tu ndilo halitumii ujuzi huo. Kazi ya maabara ni kutafuta namna ya kuuwasha kwenye jani, tena mapema, ukame ungali unaanza, kwa maana jani nalo litahitaji muda wa kujiandaa, kama yule kiluwiluwi.