Kivumbasi kipi?

Sisi wa kusini mwa Tanzania hatuhitaji kuambiwa kwamba mihogo miwili inaweza kufanana majani ikatofautiana tumboni. Mtamu unautafuna palepale shambani. Mchungu una sianidi nyingi, hivyo mpaka umenywe, ulowekwe au uvundikwe, kisha uanikwe. Ajabu, mtu huyohuyo anayeyajua haya akija kwangu Mikindani, ninakootesha na kukausha majani ya dawa, husema tu: "Nipe kivumbasi."

Kivumbasi kipi? Jina hilo hubeba mimea kadhaa ya ukoo wa mrehani. Kile kirefu kinachokaribia kimo cha mtu, kuna mashina yenye yujenoli nyingi, nayo hunukia karafuu, maana ndiyo kemikali kuu ya karafuu yenyewe. Mengine yana thimoli, yanakaribia harufu ya dawa ya kusukutua. Katika ukoo huohuo wa mrehani kuna mmea unaojaa kafuri. Udongo, mvua na saa ya kuchuma hupandisha au kushusha kiasi cha mafuta, lakini aina ya mafuta hutokana zaidi na uzao wa mmea. Kwa hiyo usinunue mche kwa jina. Fikicha jani, nusa, ndipo utoe hela.

Ukipata shina unalolipenda, lizalishe kwa vipandikizi. Mbegu za vivumbasi vilivyopandwa jirani huchanganywa na nyuki, na watoto wasifanane na mama. Masika yakianza ndio wakati mzuri, vipandikizi hushika bila kuvihangaikia sana. Mchaichai hauna tabu hiyo, unagawa kichaka tu. Ila una ndugu yake wa kufukuzia mbu, mwenye sitronela, na huyo akiingia kwenye birika chai hainyweki.

Artemisia, mmea ambao watu hunywa chai yake kwa malaria, ndiyo inayonitia wasiwasi. Aina chotara za kisasa za *Artemisia annua* hupita asilimia 1 ya artemisinini, kemikali inayopambana na malaria, kwenye majani makavu, za porini huwa nayo pungufu ya hapo, na *Artemisia afra* ya kwetu Afrika karibu haina kabisa. Yote yanauzwa kama "artemisia", na kikombe kimoja hakiwezi kukwambia umekunywa kiasi gani. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo kwa malaria. Ukihisi homa, kapime zahanati, ukikutwa na malaria umeze dawa mseto mpaka imalizike. Miche yake siuzi, hata mkinipigia simu.