Sahihi milioni moja hazimpi rais njia ya mkato

Ndugu, umeuliza kama wananchi zaidi ya milioni moja walitia sahihi, mahakama ilipata wapi nguvu za kuzima BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba ya Kenya uliosukumwa na Rais Uhuru Kenyatta. Ilizipata kwenye Katiba yenyewe. Kifungu cha 257 kinaruhusu mabadiliko kupitia mpango wa wananchi, wakiungwa mkono na wapiga kura milioni moja. Rais na serikali yake wana njia nyingine, Kifungu cha 256, inayoanzia bungeni. Ndiyo maana Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi 2022, ilisema rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa kutumia mlango wa raia. Mtu mwenye dola yote mkononi akiruhusiwa kupita hapo, raia wa kawaida amebakiwa na nini?

Lakini tusizidishe. Mahakama hiyo hiyo ilikataa hoja ya "muundo msingi", kwamba kuna sehemu za Katiba zisizoguswa kwa utaratibu wa kawaida. Mimi nakubaliana nayo, kwani Kifungu cha 255 tayari kinalazimisha kura ya maamuzi kwa mambo mazito. Yale maeneobunge mapya 70 yaliyopendekezwa katika BBI nayo yaliangushwa kwa sababu umma haukushirikishwa.