ATR au Dash 8?

Swali: Nina leseni ya rubani wa biashara na saa 250 za kuruka. Kampuni moja inanipa kiti cha kulia (cha rubani msaidizi) kwenye ATR 72, nyingine kwenye Dash 8-400, zote ndege za abiria za pangaboi. Nichague ipi? (Msomaji, Lubumbashi)

Jibu: Ndugu yetu, uliza kwanza kila kampuni inarusha marubani wake saa ngapi kwa mwezi. Unahitaji saa 1,500 ili kupata leseni ya juu, na ndege inayolala hangani haikuongezei hata dakika.

Saa zikilingana, Dash ina nguvu zaidi. Lubumbashi iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, ndege hupanda kana kwamba uwanja uko mita 2,100. Ila mwili wake ni mrefu: wakati wa kutua, pua ikiinuka kupita nyuzi 6, mkia unakaribia kugonga lami. Mgeni akiona anashuka haraka huvuta usukani, na pua huinuka. Asivute, aongeze nguvu ya injini kidogo.

ATR haina injini ndogo ya mkiani. Ikiegeshwa, injini ya kulia huendelea kuwaka, pangaboi lake limefungwa breki, ili itoe umeme na hewa.

Mkataba je? Soma nani analipia simuleta (mashine ya kufanyia mazoezi ya urubani), na mkataba unakubana kwa miaka mingapi.