Barua kwa mwanangu: huyo mpwa wa bosi wako

Mwanangu, mama,

Meseji yako nimeisoma, unauliza umvumilie huyo mpwa wa bosi aliyewekwa stoo ya duka lenu la dawa au uandike barua ya kuacha kazi. Nakuandikia kwa urefu maana nakujua, ukikasirika unakata mambo haraka.

Kijana usimchukie. Kosa ni la mjomba wake aliyeajiri undugu, hakuangalia cheti wala hakufanya intavyuu, kamkabidhi funguo tu basi. Mtu wa hivyo ukimkosoa mbele ya wapakiaji lazima awe mkali, ndo hayo matusi unayosema, ni aibu ya kutojua kazi inatokea mdomoni. Bohari ya hospitali niliyofanyia kazi waliletwa wengi wa hivyo na wakubwa, na wengine walikuja kuwa wazuri kutuzidi sisi tuliosomea, kwa sababu kuna mtu alikaa nao chini.

Kaa naye basi, asubuhi kabla wateja hawajaja. Unasema anapanga mzigo mpya mbele ule wa zamani unabaki ukutani mpaka unaisha muda. Mshikishe katoni mbili, asome tarehe mwenyewe, hii inaisha mwezi wa tatu hii mwakani, ipi itoke kwanza? Halafu aandike kwenye bin kadi, ile kadi ya hesabu ya kila dawa, kwa mkono wake kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mpe wiki chache. Matusi mwambie faragha kwamba huyataki, na usimbembeleze kwa hilo.

Ila mama hapa nisikilize vizuri. Mfamasia msimamizi wa hilo duka ni wewe, jina lako ndo liko ukutani. Wakaguzi wa Baraza la Famasi au wa TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wakikuta amoksilini iliyoisha muda iko kwenye shelfu ya kuuzia hawataanza na mpwa wa mtu, wataanza na wewe. Kwa hiyo usisaini mzigo ambao hujauhesabu, hata bosi akisema ana haraka.

Wiki zikipita hakuna mabadiliko nenda kwa bosi, lakini usimwambie kijana wako mvivu, hapo umegusa damu yake hatakusikia tena. Mpelekee orodha, dawa hizi tumetupa, tulinunua kwa bei hii, hela iliyopotea ni hii. Mfanyabiashara wa Kariakoo hesabu anaielewa. Mwombe amhamishie kupeleka mizigo kwa wateja, stoo ashike aliyesomea, hata kwa dada yake, mama wa kijana, hatakosa la kusema. Na kama ni kumuachisha kazi kabisa afanye mapema, maana kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 mtu akishafikisha miezi 6 kumuachisha kunataka sababu ya haki na utaratibu kamili, matajiri wengi wanakuja kulijua hilo wakishaitwa CMA, ile tume ya migogoro ya kazi.

Akikataa, toka, mimi niko upande wako kabisa. Ila kwa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28, iandike, stoo yote ihesabiwe siku ya kukabidhi, msaini, ubaki na kopi, na Baraza uwaandikie kwamba husimamii tena duka lile. Kodi ikikubana wakati unatafuta kwingine niambie mapema, usikope kwenye simu.

Nijibu kwanza hili, hizo bin kadi kwa sasa anaziandika nani?

Baba yako