Kutoka Subaru ya turbo hadi gari la umeme: anza na soketi ya nyumbani

Mtu akiniuliza kama anunue gari la umeme, simwulizi ana pesa ngapi. Namwuliza gari litalala wapi, na asubuhi litakwenda wapi. Majibu ya maswali hayo mawili yakiwa mazuri, mengine yote yanazungumzika. Yakiwa mabaya, hata ukipewa gari la bure litakutesa.

Mimi ni mtu wa Bombo, na kazi yangu iko Kampala. Kwa miaka niliendesha Subaru Impreza WRX, ile ya injini ya lita mbili yenye turbo, na sitalisema vibaya gari lile mbele ya mtu yeyote. Nililipenda. Anayefuata mbio za magari hapa Uganda anaujua mngurumo wa injini ile kabla gari lenyewe halijatokeza kwenye kona. Lakini safari yangu ya kila siku ni Bombo, Matugga, Kawanda, Kawempe, Bwaise, Wandegeya, kilomita kama 35, halafu kurudi. Mpaka Matugga bado unaweza kukanyaga. Ukiingia Kawempe, basi. Unasogea kidogo, unasimama, boda zinakupita kulia na kushoto, na turbo uliyoilipia haina kazi hata moja. Injini inakunywa petroli ukiwa umesimama.

Piga hesabu pamoja nami. Chukua petroli kuwa shilingi 5,000 kwa lita na uniti ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, kuwa shilingi 800. Subaru kwenye foleni ya namna hiyo ilinipa kilomita 7 kwa lita, kwa hiyo kilomita 70 za kwenda na kurudi ni lita 10, yaani shilingi 50,000 kwa siku. Sasa naendesha gari la umeme, Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40. Inakwenda kilomita 6 hadi 7 kwa uniti moja, yaani kilowati-saa moja, na kwa kuwa umeme kiasi hupotea wakati wa kuchaji, weka uniti 13 kwa siku. Hiyo ni shilingi 10,400. Tofauti ya siku moja inalisha nyumba. Na bado sijahesabu oili, filta, na plagi za injini ya Subaru ambazo zimelala ubavuni kiasi kwamba fundi anakutoza kwa jasho lake kabla hajakutoza kwa plagi.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi ya mfuko wangu. Petroli yetu yote inatoka nje, na sehemu kubwa inapitia Mombasa na Kenya. Januari 2022 malori yalipokwama mpakani kwa sababu ya vipimo vya korona, bei ilipanda ndani ya siku chache na vituo vingine vikakauka kabisa. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji ya Nile: Jinja, Bujagali, Isimba, na sasa Karuma yenye megawati 600 iliyozinduliwa rasmi mwaka 2024. Vijana wa Makerere walipoliendesha gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, wengi waliliona kama mradi wa darasani. Mimi naona walikuwa wameshika jambo la kweli: nchi yenye mto kama huu isifunge safari zake kwenye lori la mafuta.

Turudi kwenye soketi, maana hapo ndipo watu wengi wanapoharibikiwa. Nyumba zetu nyingi zimefungwa waya kwa ajili ya taa, friji, televisheni na pasi. Pasi unaitumia nusu saa. Gari linavuta kilowati 3 hivi kwa saa nne au tano mfululizo, kila usiku. Fundi wangu wa umeme alipokuja, kabla hajafungua begi lake aliomba pasi, akaichomeka kwenye soketi ya barazani ambayo ndiyo niliyokuwa nimeikusudia, akaiacha ifanye kazi kwa muda. Kisha akaichomoa na kunipa plagi niishike. Ilikuwa ya moto.

“Hajji, umeona? Na hii ni pasi tu.”

Alipoifungua soketi ile tukakuta waya mwembamba, umeunganishwa katikati kwa kusokotwa na kufungwa tepu. Nyumba ingeungua tukiwa tumelala. Akavuta waya mpya mnene wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye bodi kuu moja kwa moja hadi mahali gari linapoegeshwa, akauwekea swichi yake peke yake ya kukata umeme, akachimbia fimbo ya shaba ardhini kwa ajili ya arthi, njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Usimruhusu fundi akwambie arthi si lazima. Kebo ya kuchajia yenyewe hukagua arthi, na nyingi hukataa kufanya kazi zisipoiona, zinawasha taa nyekundu tu. Mtu asiyejua anadhani gari limekufa.

Ekstensheni usitumie kabisa, hata kwa usiku mmoja. Na kama gari limetoka Japani na kebo yake, soma kwanza kibandiko chake. Huko magari haya huchajiwa kwa volti 200, hapa kwetu ni 240. Kukata plagi ya Kijapani na kufunga ya kwetu yenye miguu mitatu hakubadilishi kilichomo ndani ya kile kisanduku cha kebo. Nunua kebo iliyotengenezwa kwa volti zetu. Ni pesa, lakini ni pesa ya usingizi.

Ukiwa umepanga nyumba, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kununua gari, si baada yake. Mnaotumia Yaka moja na wapangaji wengine, uniti 13 kila usiku zitaleta ugomvi hata kama unalipa kwa uaminifu, kwa sababu hakuna anayeona unalipa. Omba mita ndogo ya kwako.

Umeme nao hukatika, hilo kila mtu ananiuliza. Ukikatika wakati wa kuchaji, gari linangoja tu, na ukirudi kwa kawaida linaendelea. Tabia niliyoijenga ni kuchomeka mara nikifika nyumbani badala ya kusubiri usiku wa manane, na kutoiacha betri ishuke chini ya asilimia 30 katika siku ya kawaida. Kwa safari yangu, nikilala nayo asilimia 80 na usiku kucha umeme usirudi, bado nafika kazini na kurudi.

Sasa betri, maana hapa ndipo wauzaji wa kwenye bondi, zile yadi za magari yaliyoagizwa nje, wanapokupiga. Leaf za matoleo mawili ya kwanza hazina maji ya kupoza betri, hupoa kwa hewa tu, kwa hiyo joto na miaka huila. Kwenye dashibodi, pembeni kabisa kulia mwa kipimo cha chaji, kuna vistari vidogo 12. Hivyo ndivyo afya ya betri. Kistari cha kwanza hupotea uwezo ukishapungua kama asilimia 15, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Gari lenye vistari 9 limebaki na theluthi mbili hivi ya nguvu zake. Ukichukua ile ya zamani ya kilowati-saa 24, ambayo hata ikiwa mpya ilikuwa na kilomita 120 au 130 za kweli barabarani, ukaondoa theluthi moja, unabaki na 80. Mtu wa Ntinda anayefanya kazi Nakasero, humo humo Kampala, atalifurahia. Mtu wa Bombo ataishi na roho mkononi.

Vistari vyenyewe vinaweza kudanganywa, kwa kuifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vyote 12 virudi kwa muda. Kwa hiyo nenda na kifaa kidogo cha OBD, kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, chenye Bluetooth na programu ya LeafSpy kwenye simu. Itakuonyesha asilimia ya afya ya betri na hali ya kila seli. Muuzaji akikukatalia kuchomeka kifaa hicho, aga kwa heshima uondoke. Kisha liendeshe kwa kilomita 20 au zaidi na uangalie asilimia inavyoshuka. Skrini ya Kijapani isikusumbue, utaizoea. Betri iliyochoka huizoei.

Kuhusu raha ya kuendesha, sitasema uongo kwamba hukosi kitu. Mlio unaukosa. Gia za mkono unazikosa. Lakini mota ya umeme inatoa nguvu zake zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, haisubiri turbo ijae, na kwenye taa za Wandegeya wenye magari makubwa hushangaa. Kwenye foleni ndipo raha ilipo hasa: mguu wa klachi umepumzika, gari likisimama halili kitu zaidi ya feni na redio, na ukiweka gia kwenye B linajipunguza lenyewe ukiachia mguu, huku likirudisha umeme kidogo kwenye betri. Breki pedi zinadumu sana. Nafika nyumbani nikiwa na nguvu ya kuongea na watoto.

Ukimya wake una hatari yake. Sokoni Kalerwe, mama aliyebeba matoke kichwani hakusikii ukirudi nyuma, na Leaf hutoa sauti ndogo tu ya kuonya, inayomezwa na kelele za soko. Tembeza gari taratibu mno penye watu, na piga honi mapema kuliko ulivyozoea.

Afande mmoja jirani yangu aliniuliza kuhusu mafuriko ya Bwaise, mfereji wa Lubigi unapofurika. Betri imefungwa isiingie maji na mvua haina madhara, hata kuchaji mvuani kunawezekana kama kebo na soketi ni za nje. Ila gari lipo chini, na maji yanayokimbia hubeba gari lolote. Yakifika katikati ya tairi, narudi, nazunguka au nasubiri. Ndivyo nilivyofanya hata na Subaru.

Mafundi bado ni wachache. Mafundi wa soko la vipuri la Kisekka, Kampala, wataifungua injini ya Subaru wamefumba macho, lakini ukiona waya zenye rangi ya chungwa chini ya boneti, hizo zina volti za kuua, na fundi asiyefunzwa kazi hiyo asizisogelee. Breki, shokapu (shock absorber) na tairi ni kazi ya gereji yoyote. Kagua pia ile betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari zima halitaamka hata kama betri kubwa imejaa.

Kwa safari za mbali, Gulu au Mbarara, Leaf yangu haiendi. Vituo vya kuchajia vya umma bado ni vichache na viko zaidi Kampala, nami sitaki kufika Karuma nikiomba umeme hotelini. Napanda basi, au naazima gari la kaka yangu. Kwa hiyo usiuze gari lako la zamani wiki ile ile. Kaa na yote mawili kwa miezi michache, uone mara ngapi kweli unalihitaji la petroli. Ukikuta kila mwisho wa wiki uko barabarani kwenda kijijini, tafuta haibridi, gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kwako ndiyo itakayofaa. Subaru yangu ilikaa imefunikwa turubai hadi nilipoona natumia pesa kulipasha moto tu betri isife, ndipo nikamuuzia kijana anayejua kulitunza.